Kumkumbuka Bi Kidude: taarab saa nzima, msondo dakika kumi

Kila ikikaribia Aprili napata meseji za aina moja tu, mwalimu mwaka huu kuna chochote cha Bi Kidude, wapi, kiingilio shilingi ngapi, mtu anavaaje. Bi Kidude, muimbaji wa taarab wa Unguja na mpiga msondo, ile ngoma ndefu ya unyago, alitutoka tarehe 17 Aprili 2013 kule Bububu, akazikwa siku ya pili yake Kitumba, na tangu hapo kila mwenye jukwaa anataka kumfanyia jambo. Sasa mie ni mpiga ngoma, ndo kazi inayonilisha, napiga dumbak, ile ngoma ndogo ya orkesta, kwenye taarab na nafundisha wasichana kupiga, na unyago, yale mafunzo ya wasichana wakivunja ungo, nimechezwa kisha nikaja kukaa na ngoma yangu ya vumi nyuma ya wakubwa zangu. Kwa hiyo leo niziandike hizi hafla kwa upande wa ngoma, mana wanaoziandika huwa wanaangalia jukwaa tu, nani kaimba, mgeni rasmi nani, basi wamemaliza.

La mwanzo ni la kalenda, na hili linawapoteza wengi hasa wanaotoka bara na Ulaya wakakata tiketi kwa kufuata tarehe. Aprili kwetu ni masika, mvua inaweza kukunyima kila kitu. Halafu 2021, 2022 na 2023 tarehe 17 ilianguka ndani ya Ramadhani, na Ramadhani Unguja ngoma zinalala, taarab inalala, hata anayefanya mazoezi anafanya kimya kimya. Kwa hiyo shughuli inasogezwa, ikipatikana siku inapatikana, na usipouliza watu wa mjini utakuja kukuta uwanja mtupu na paka wawili.

La pili, kuna kisomo na kuna shoo, usivichanganye. Kisomo ni cha nyumbani au msikitini, watu wanasoma Yasini, wanahitimisha, dua inaombwa, kahawa na halua inapita, mtu anarudi kwake. Hakuna anayebeba ala wala anayetaja nyimbo. Shoo ni usiku, baada ya Isha, uwanjani. Kuna wazee wanaokwenda kisomoni na shoo hawatii mguu, na kuna vijana kinyume chake, na wapo kama mie tunaokwenda kote na hatuulizani. Marehemu mwenyewe alikuwa hivyo hivyo, mtu wa kote, sigara mkononi mbele za watu na nyimbo mdomoni, wapo waliomsema maisha yake yote, na siku ya maziko Rais Kikwete alikuwepo na Unguja ikamiminika, hata wale waliokuwa wakimsema nadhani nao walikuja.

Hafla ninayotaka kuieleza ilikuwa ya uwanja wazi, viti vya plastiki nyuma, mikeka mbele kwa akina mama na watoto, picha yake kubwa ile anayocheka imewekwa pembeni ya jukwaa na chini yake ungo wa kutia pesa. Orkesta ilikuwa imekaa kamili, fidla, akodiani, udi, kanuni, besi, dumbak. Mpiga kanuni alikuwa na kazi peke yake, ile ala ina nyuzi 70 na kitu na unyevu wa masika unazilegeza kila dakika, akimaliza kutyuni upande wa juu wa chini umeshaondoka. Na wakati yeye anahangaika, hotuba. Mgeni rasmi alisema, akasema, akatoka kwenye Bi Kidude akaingia utalii, akatoka kwenye utalii akaingia barabara, akina mama kwenye mikeka wakaanza kupeana tambuu. Nawaambia waandaaji kila siku, hotuba ndefu inaua ala za nyuzi na inaua ngozi za ngoma, hawanielewi, wanadhani nasema kwa wivu.

Taarab ikaanza, na kwakweli ilipigwa vizuri. Nyimbo zikawa zile mnazozijua wote, Muhogo wa Jang'ombe ikapanda na watu wakapanda nayo. Hapa nieleze kutunza kwa ambaye hajawahi kuhudhuria, mana nimeona wageni wakirusha noti kama wako harusini mjini Dar. Taarab ya kizamani mtu hakimbilii jukwaa. Unasikiliza, unasubiri ubeti wako, ule unaomsema jirani yako au unaokusema wewe, ukifika ndo unainuka, unakwenda taratibu na mdundo, noti umeishika juu ionekane, unamkabidhi muimbaji, unarudi ulikotoka. Ubeti ulioinukia ndio ujumbe wako na ukumbi mzima unausoma. Sasa kwenye hafla ya marehemu watu wanababaika, unamtunza nani, huyu aliyeshika maiki au yule wa kwenye picha? Usiku ule mmama mmoja alipita kwa muimbaji bila kumtazama, akaenda moja kwa moja kwenye ungo, akaweka noti yake, akakaa. Baada ya hapo karibu wote wakawa wanagawa, nusu huku nusu kule, na muimbaji wa watu akacheka tu, afanyeje.

Lakini waimbaji wenyewe, niseme ukweli. Wengi wakipewa nyimbo ya Bi Kidude wanaigiza ukwaruzo. Wanakaza koo, wanatia mchanga kwenye sauti, watu wanapiga vigelegele. Ule ukwaruzo ulikuwa wa umri na tumbaku jamani, sio ufundi wake. Ufundi wake uko kwenye namna anavyokata mstari. Kasikilizeni zile rekodi zilizotoka kwenye diski ya Zanzibara 4 mwaka 2007, au rekodi yoyote alokaa na orkesta: anatupa maneno, anayakata kabla hayajaisha vizuri, kisha ananyamaza kidogo, na fidla zinaingia kujaza. Muimbaji wa taarab aliyelelewa kwenye taarab havuti hivyo, yeye anaurefusha mwisho wa mstari, anaupamba, anauzungusha mpaka orkesta impokee. Kidude anakata kwa sababu masikio yake yanasubiri kiitikio. Kwenye unyago mwenye kuanzisha anatupa mstari na wanawake wote wanaitika, hakuna maiki, kuna ngoma tatu, kinganga, vumi na msondo, zinanguruma, ukirefusha mwisho wa mstari wako utagongana na wenzio. Alilelewa humo. Na Siti binti Saad naye, muimbaji wa taarab wa kabla yake, Kidude alimsikiliza akiwa mdogo, ndio, alikuwa akisimulia mwenyewe, na nyimbo alizichukua huko, Siti aliyekwenda Bombay 1928 kutia sauti yake kwenye santuri. Ila ukiniuliza mie, maneno kayatoa kwa Siti na pumzi kaitoa kwenye msondo.

Ndo maana nilikaa nikisubiri ngoma. Kwenye ratiba iliandikwa "ngoma ya asili, dakika 10". Kumi! Taarab saa nzima na zaidi, hotuba sijui muda gani, halafu kazi aliyoifanya maisha yake yote, kuwacheza wari, yaani wasichana wa unyago, kuwafunda, ikatiwa katikati ya bahati nasibu na shukrani kwa wadhamini.

Kikundi kilitoka shamba, akina mama watu wazima, nikawafuata nyuma ya ukuta kuwaamkia. Shikamooni. Marahaba mwanetu, njoo utusaidie moto. Walikuwa wamewasha makumbi ya nazi na vipande vya maboksi wanazipasha ngoma, mana ngozi ikishika unyevu inalala na ikilala hata upige vipi inatoa sauti ya mto wa usufi. Unaiinamisha ngozi kwenye joto sio kwenye ndimi za moto, unaizungusha, unaigonga kwa vidole, unaizungusha tena, mpaka inajibu. Kinganga kinawahi kwa sababu ni kidogo. Vumi linachelewa, na msondo ndo mrefu kuliko wote na una shida zake. Wakazipasha zikawa tayari, MC akasema bado kidogo kuna mtu wa kutoa neno. Zikapoa. Wakawasha tena. Mara ya pili makumbi yakaisha, wakachoma viatu vya plastiki vya nani sijui, moshi ule mpaka leo nausikia.

Wakaitwa. Fundi wa spika, kijana mstaarabu tu, akaja na maiki akaisimamisha juu ya ngozi ya msondo kama anavyofanya kwa ngoma za bendi. Nikamuendea mbio. Msondo una ngozi upande mmoja, chini uko wazi, na ule mlio mzito unaotetemesha kifua unatokea chini, juu unapata makofi tu, kwahiyo maiki moja weka chini karibu na ardhi, isogeze pembeni kidogo isingurume, ya juu hata ukiitoa poa. Akanitazama, akatazama ile ngoma, akafanya. Na hivyo ndivyo uwanja ulivyopata kusikia kitu kwa mara ya kwanza usiku ule, mana bibi aliufunga msondo kiunoni kwa kanga, akasimama nao, ngoma iko baina ya miguu imeinamia mbele, kiganja kikashuka, na watoto waliokuwa wamelala kwenye mikeka wakainuka.

Bi Kidude aliupiga hivyo hivyo, amesimama, kanga kiunoni, hata alipokuwa mkongwe kabisa jukwaani, na wazungu walikuwa wakishangaa bibi kizee ana nguvu gani zile. Sio nguvu za mkono. Uzito wa ngoma unabebwa na nyonga na kanga, mkono unaachwa huru, na mwili ukicheza ngoma inacheza na wewe. Ukiiweka chini ukakaa kwenye stuli kama wanavyofanya vijana wangu wakichoka, sauti inabaki lakini mchezo umeondoka. Kinganga kinashika mwendo hakibadiliki, vumi linaweka sakafu, msondo ndo unaongea, na ukiongea unamuita muimbaji, yaani Bi Kidude alikuwa anajiita mwenyewe kwa mkono halafu anajijibu kwa mdomo. Sijaona mtu wa pili.

Sasa MC, Mungu amsamehe, nyimbo ya kwanza ilipoisha akamsogezea bibi maiki, hebu tufafanulie bibi hii nyimbo maana yake nini. Bibi akamjibu, "Maana anayo aliyechezwa." Akina mama wote kwenye mikeka wakapiga kigelegele na MC akarudi nyuma na karatasi yake.

Hapo ndipo penye mgogoro wenyewe. Unyago una nyimbo za nje na nyimbo za ndani. Za nje hata mtoto anazisikia uani, za ndani ni za mwari na somo wake, yule anayemfunda, na milango imefungwa, mwanamme hayumo na ambaye hajachezwa hayumo. Bi Kidude alipoupeleka msondo kwenye majukwaa, Ngome Kongwe kwenye tamasha la Sauti za Busara, Ulaya, mpaka 2005 wakampa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, kule Uingereza, wapo wakubwa zangu waliokasirika na mpaka leo hawajacheka. Wanasema kaianika. Mie nimekaa nao nimekaa na rekodi zake, na ninavyosikia aliyoyatoa ni mdundo na nyimbo za nje na maneno ya mafumbo ambayo asiyechezwa atayasikia na asiyaelewe, mafunzo yenyewe kayaacha ndani. Huo ulikuwa mpaka na aliujua ulipo. Wanaoandaa hafla hawaujui, ndo mana wanaogopa, wanaona bora taarab ina usalama, ngoma tuipe dakika kumi ya kupendezesha.

Na simu. Wasichana walikuwa wameinua simu zao toka mwanzo, sawa, nyimbo ya nje haina tatizo. Ila nyimbo ya tatu bibi mmoja mwenye kinganga akatikisa kichwa akaonyesha kwa mkono shusheni, wengine wakashusha, wengine wakasogea mbele kuchukua vizuri zaidi. Akina mama wakabadilisha nyimbo hapo hapo katikati, wakaingia ya harusi, mdundo ule ule, na kwenye uwanja mzima labda watu kumi ndo waliojua kwamba imebadilishwa. Hizo klipu zimezunguka sana, watu wameandika chini "unyago halisi wa Bi Kidude". Haya.

Tulipomaliza nilizungumza na waandaaji, na walinisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Sikuwaomba saa nzima. Niliwaomba ngoma zipande kabla ya hotuba, moto ukiwa bado mbichi, makumbi wanunue gunia zima, fundi wa spika aje mapema akae na akina mama, na MC asiulize maana. Hilo la hotuba walisema gumu kwa sababu mgeni rasmi anataka kusema watu wakiwa wamejaa, nikawaambia basi asemee juu ya ngoma zikipigwa, wakacheka, sijui kama walijua sitanii.

Kwa mnaotaka kuja ikitangazwa: njooni baada ya Isha, beba kanga ya kukalia mana mikeka haitoshi, beba noti ndogo ndogo za kutunza, na ukiona bibi anatikisa kichwa shusha simu. Kiingilio mara nyingi ni bure au kidogo tu. Nikijua tarehe nitaweka hapa hapa.