Dar hadi Mwanza: ile nusu saa inakwenda wapi?

Shemeji yangu ni mtu wa mahesabu. Juzi alikata tiketi ya kwenda Mwanza, akanipigia: "Shemeji, umbali kilomita 850, ndege inakimbia 800 na ushee kwa saa. Mbona mmeandika saa moja na nusu?" Kazi yangu ni kuandaa mipango ya safari za ndege, na swali hilo naulizwa kila harusi, kila msiba.

Kilomita zake ni sahihi. Basi linalopita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga hula zaidi ya 1,100. Sisi tunahesabu maili za baharini, kama 460. Maili moja ni mita 1,852, kipimo kilekile cha nahodha.

Alipokosea ni kwenye saa. Muda wa tiketi hauanzi magurudumu yanapoacha ardhi, bali ndege inapotoka kwenye maegesho, na unaisha inapoegeshwa upande wa pili. Kutambaa ardhini, Dar na Mwanza kwa pamoja, hula kama robo saa, na mkikuta ndege mbili mbele yenu, ongeza. Halafu kuna kupanda na kushuka. Chini ya futi 10,000 kawaida hatuvuki maili 250 kwa saa. Ile 800 ya shemeji ni ya juu huko tu.

Tena ndege huruka ikiukabili upepo, haijali mji unakokwenda uko wapi. Wakati wa kaskazi, pale Julius Nyerere tunaruka kuelekea kaskazini-mashariki, wakati Mwanza iko kaskazini-magharibi, kwa hiyo lazima tukunje kushoto. Mwanza kwenyewe njia ya kutua imelala karibu sawa na uelekeo tunaotokea. Upepo ukivuma kutoka upande wa ziwa, tunanyoosha moja kwa moja. Ukitoka kusini-mashariki, tunaupita uwanja, tunageukia juu ya maji, ndipo tunarudi. Abiria wa dirishani huanza kunong'ona kwamba rubani kapotea.

Upepo wa juu je? Karibu na ikweta ni wa kawaida tu, mara nyingi hutoka mashariki. Ukitusukuma kwa maili 20 kwa saa, tunaokoa dakika kama tatu kwenda, na kurudi tunazilipa. Si kama London na New York, ambako mkondo wa upepo huweza kutenganisha safari ya kwenda na ya kurudi kwa karibu saa nzima. Kwetu kinachobadilisha mambo ni aina ya ndege: hesabu hii ni ya jeti kama Airbus A220. Ukipangiwa Dash 8 ya pangaboi, ongeza dakika 20 hivi, na usimlaumu rubani.

"Kwa hiyo angani hasa ni dakika ngapi?" Nikamwambia kama 70 hadi 75, na nyingine ni za ardhini. Akaandika mahali, nikamsikia kalamu. Nikamwomba anisomee tena saa ya kuondoka iliyo kwenye tiketi. Sifuri saba, sifuri sifuri. Nilitaka kuhakikisha tu, maana mwaka jana tiketi yake ilisema hivyo hivyo, naye akatokea uwanjani saa saba mchana.