Neno "msingi" katika kipato cha msingi

Wiki hii nimemsikia tena mtangazaji wa redio akisema kipato cha msingi kimefika kijiji fulani, "ambako kaya arobaini maskini zimechaguliwa." Kama zimechaguliwa, basi si kipato cha msingi.

Maana yake ni fupi: ni fedha taslimu anayolipwa kila mtu, mmoja mmoja, kwa vipindi maalumu, bila kupimwa umaskini wala kudaiwa kazi. Ukiondoa kimojawapo unapata kitu kingine, pengine kizuri tu, ila kina jina lake.

Kinachonikera ni jinsi neno "msingi" linavyopitwa kama pambo. Muulize fundi. Anachimba, anapanga mawe, anamwaga zege, kisha anapandisha ukuta, na hakuna fundi anayefukua msingi kwa sababu ukuta umepanda. Misaada ya kuchagua maskini ndiyo inayofukua msingi hivyo hasa. Jirani yangu mmoja, mjane, alinunua mabati kumi kwa faida ya maandazi, akayaegesha nyuma ya nyumba ya dada yake na kuyafunika turubai mpaka wahakiki wa msaada anaopokea wapite. Mwezi mzima mvua ilimvujia kitandani na bati analo. Alijua wakiona paa jipya atafutwa kwenye orodha.

Hapo ndipo uchumi wa jambo hili ulipo. Msaada unaokatwa pale mtu anapojiinua ni sawa na kodi juu ya juhudi zake. Kipato cha msingi hakikatwi, kwa hiyo anayefanya kazi hapotezi kitu. Kule Kenya, shirika la GiveDirectly lilianza mwaka 2018 kuwalipa watu wazima wote wa vijiji kadhaa vya Siaya na Bomet, takriban dola 22 na nusu kwa mwezi. Baadhi ya vijiji viliahidiwa miaka 12. Watafiti walipopima baada ya miaka miwili hivi, hawakukuta watu wamepunguza kazi kwa jumla. Walikuta wengine wamehama kutoka vibarua kwenda biashara zao wenyewe. Walioahidiwa miaka 12 walikuwa wakiingia kwenye vyama vya kupokezana fedha, yaani upatu, ili hela ndogo ya kila mwezi igeuke mtaji mmoja wa maana. Ahadi ndefu iliwapa ujasiri wa kupanga.

Kuna pia wanaokiita "mshahara wa bure". Kwa asili hawajakosea sana: mshahara umetoka kwenye neno la Kiarabu la mwezi, yaani kinacholipwa kwa mwezi. Lakini leo tukisema mshahara tunamaanisha malipo ya kazi, na ukishaliweka neno hilo mbele, msikilizaji anatafuta kazi iko wapi, haioni, anakasirika. Kipato ni chochote unachopata.

Kilicho karibu zaidi nacho kwetu ni pencheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Hawaulizwi kama ni matajiri au maskini. Ila inabagua kwa umri, kwa hiyo hata hiyo si kipato cha msingi; naiita pencheni ya wazee wote.

Basi ndugu mtangazaji, zile kaya arobaini ziite zinazopokea ruzuku. Ruzuku ni ndugu wa riziki, ni neno lenye heshima, na ndilo linalosema ukweli wa kinachofanyika kijijini pale.