Binti yangu anasota

Binti yangu Kibibi katimiza mwaka mmoja, ilikua juzi Jumamosi. Tulipika pilau, bibi yake mmoja akaja kutoka Bugembe na kuku mzima ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, kichwa nje, majirani wakaja na watoto wao, na mwenye sherehe mwenyewe akaifikia keki kwa makalio. Sio kwa miguu wala kwa magoti, kwa makalio. Anakaa kitako, mguu mmoja kaukunja chini yake, ule mwingine anauchomeka mbele kama jembe, anavuta, makalio yanafuata, na anakuja kasi huku mkononi kashika kijiko. Kiswahili kina neno lake kabisa, kusota. Vijana wa siku hizi ukiwaambia unasota wanaelewa huna hela, na kwa hilo pia mimi na binti yangu tuko pamoja, ile keki ilinimaliza.

Sasa mimi ni fizio wa watoto, natibu viungo kwa mazoezi. Kazi yangu hapa Jinja, Uganda, kila siku ni hiyo hiyo, naletewa watoto ambao shingo haijakaza, wenye mguu kifundo, yaani waliozaliwa unyayo umepinda kwa ndani, tunaowafunga plasta kila wiki kuunyoosha kidogo kidogo kwa njia inayoitwa Ponseti, waliozaliwa bila kulia wakachelewa kupata hewa, wale malaria iliwapanda kichwani wakaamka mwili sio ule. Na kila siku hiyo hiyo nawaambia akina mama, mama, usishindane na mtoto wa jirani, kila mtoto na ratiba yake. Naisema vizuri, hata sauti naishusha. Alafu nikapata wangu.

Ilianza alipofika miezi tisa. Tulimpeleka chanjo ya surua na rubela, siku hiyo hiyo wanampa na ya homa ya manjano ambayo iliingia kwenye ratiba yetu Uganda 2022, na pale kwenye benchi kuna mtoto wa mama mmoja, wamezaliwa wiki moja na Kibibi, yuko chini anatambaa mikono na magoti anaokota vifuniko vya soda. Kibibi kakaa tu wima kwenye leso, mikono mapajani, anaangalia watu kama chairman wa LC, baraza la mtaa, anayesubiri mkutano uanze. Yule mama akaniuliza kwa upole kabisa, "Wako bado?" Nikasema bado. Njiani kwenye boda nikawa sisemi.

Usiku nikamlaza kwenye mkeka, tochi ya simu, nikaanza kumpima. Nikamvuta mikono kuona shingo inafuata au inabaki nyuma. Nikamwinamisha ghafla kama anaanguka kuona kama anatoa mikono mbele kujikinga, akatoa. Nikampiga goti na mpini wa kijiko manake nyundo yangu iko kazini. Nikamkunjua mapaja, nikahesabu mikunjo ya ngozi kulia na kushoto kuona kama nyonga ziko mahali pake. Kila kitu sawa. Nikarudia tena. Mke wangu kasimama mlangoni ananitazama, akaniuliza, "We unampima au unamhoji?"

Ngoja nieleze nilichokua nakijua usiku ule na bado nikashindwa kulala. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wazima wenye afya njema katika nchi tano, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, watoto 816, na 2006 wakatoa majibu. Hawakutoa tarehe, walitoa dirisha, yaani kutoka mtoto wa mapema kabisa hadi wa mwisho, ukiacha asilimia moja kila upande. Kukaa bila kushikwa ni miezi 3.8 hadi 9.2. Kutambaa kwa mikono na magoti ni miezi 5.2 hadi 13.5. Kutembea peke yake ni 8.2 hadi 17.6. Angalia hiyo ya mwisho vizuri, kati ya mtoto wa kwanza na wa mwisho kuna zaidi ya miezi tisa, mimba nzima, na wote wawili ni wazima. Na kuna hii ambayo watu wengi hawaijui, asilimia kama nne ya watoto wale hawakutambaa kabisa. Waliruka hatua hiyo wakasimama. Hata kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, walipopitia upya 2022 orodha yao ya hatua za ukuaji walikiondoa kipengele cha kutambaa, hakimo tena.

Basi kwa nini wangu hakutambaa? Hapo ndio nikaanza kufikiria kama fizio badala ya kama baba. Kutambaa kunajengwa kwa kulalia tumbo. Mtoto akilala kifudifudi anainua kichwa, alafu kifua, alafu anajisukuma kwa viganja, mabega yanapata nguvu, siku moja anajikuta kwenye magoti. Kibibi kifudifudi alikua hataki, ukimlaza hivyo analia kama umemwibia. Kulala tulimlaza chali, inavyotakiwa kwa usalama wake. Mchana alikua mgongoni kwenye mbeleko au mapajani kwa mtu, hii nyumba haikosi paja. Na juu ya hayo yote kuna mama yangu na beseni lake.

Mama alikuja kukaa na sisi Kibibi akiwa na miezi mitatu na nusu. Akatafuta beseni pana la plastiki, akazungushia mashuka na sweta langu moja la zamani, akamchomeka mtoto katikati, akaliweka kivulini karibu na yeye anapochambua maharage. Mwanzo Kibibi aliinama kama mgomba ulioelemewa na ndizi. Mama anamwinua, anamwimbia, anachambua. Kila baada ya siku kadhaa anatoa shuka moja. Miezi mitano na kidogo mtoto anakaa kitako peke yake na sweta langu likarudi kabatini. Zamani, mama anasema, mlikua mnachimbiwa kashimo kwenye mchanga, hili beseni ni udijitali.

Nilicheka, lakini hilo beseni limeandikwa kwenye vitabu. Miaka ya 1950 daktari Mfaransa Marcelle Geber alipima watoto Kampala, akasema wako mbele ya wa Ulaya kwa mambo ya mwili. Baadaye wengine walimkosoa vile alivyopima, na nadhani walikua na haki. Baadaye tena wakaja Philip na Janet Kilbride, wakaona Waganda wanamfundisha mtoto kukaa kwa makusudi, wanampakata, wanamwegemeza, manake mtoto anayekaa anaweza kutazamana na wageni, kutabasamu na kuwa mtu kati ya watu. Alafu ng'ambo Kenya, kwa Wakipsigis, Charles Super akaandika 1976 kitu ambacho mi naona ndio jibu lenyewe. Watoto wale walikua mbele kwenye kukaa na kutembea, vitu ambavyo nyumbani wanafundishwa na hata lugha ina maneno yake ya kufundishia. Kwenye kutambaa hawakua mbele. Hakuna aliyewafundisha na chini hawakuachwa sana. Kwa hiyo sio damu wala hewa ya ikweta, ni mazoezi. Kinachofanyiwa mazoezi kinakuja mapema.

Kibibi alikua amehitimu kukaa, na kifudifudi hakuna aliyempa darasa. Mtoto anayejua kukaa sana na hapendi tumbo, akitaka kitu cha mbali atafanyaje? Atakwenda nacho hicho hicho alicho nacho. Miezi kumi akaanza kusota.

Na hapo aibu yangu yenyewe. Asubuhi moja namwambia mama, mtoto anasota, nafikiria nimpeleke kwa mwenzangu amwangalie. Mama hakuinua hata kichwa. "Wewe ulisota mpaka kaptula zikatoboka, watu wakakuita Tingatinga." Nilikaa kimya. Kusota kunatembea kwenye familia, mzazi alisota mtoto anasota, ni swali langu la tatu kwa kila mzazi anayeniletea mtoto wa namna hiyo, nimelichapisha kabisa kwenye fomu yangu, na mama yangu mzazi nimeishi naye nyumba moja miezi sita sijamuuliza. Nikamuuliza nilitembea lini. Akasema yeye alishaanza kulia usiku kwa wasiwasi, na mimi nilitembea na mwaka na miezi saba. Watoto wanaosota wanachelewa kutembea, hiyo pia inajulikana, mtu aliyekaa raha na anafika anakotaka ana haraka gani.

Msinielewe vibaya, sisemi kila kuchelewa ni kwa ukoo. Nimeona watoto walioambiwa "ataamka tu, hata mjomba alichelewa" wakaletwa kwangu na miaka mitatu, viungo vimeshakaza, na sehemu kubwa ya kile kipindi ambacho ubongo ulikua laini imepita. Mimi sitazami sana tarehe, natazama mwili unavyotumika. Mtoto amelegea kama kitambaa chenye maji, au amekakamaa na miguu inapishana kama mkasi. Miezi tisa imepita hakai hata kidogo. Hafuatilii sauti. Alikua anajua kitu alafu amekisahau, hii usingoje hata wiki. Na kama alizaliwa kabla ya wakati, hesabu kutoka siku aliyotakiwa kuzaliwa, unaweza ukawa unamdai deni ambalo sio lake.

Lakini dalili inayonikera zaidi ni ya mkono, manake huku kwetu inapokelewa kwa furaha. Mama mmoja aliwahi kuniambia kwa fahari, mwanangu ana miezi minane na ana adabu, anashika kila kitu kwa mkono wa kulia. Nikachukua ufunguo, nikaupeleka kushoto kwake kabisa. Mtoto akageuza mwili mzima, akapitisha mkono wa kulia juu ya kifua kuufuata. Mkono wa kushoto ulikua umefunga ngumi, dole gumba ndani. Kabla ya mwaka mtoto hatakiwi kuchagua mkono. Akichagua mapema hivyo mara nyingi ule mwingine haufanyi kazi vizuri, na tatizo linaweza kuwa kwenye ubongo upande wa pili. Kwa hiyo ukiona mtoto mchanga ana "adabu" sana na mkono wa kulia, mlete.

Kibibi anashika kwa yote miwili, kushoto zaidi akiwa na hasira. Miezi kumi alianza kuokota kwa ncha za vidole, dole gumba na cha shahada, punje moja ya wali, sisimizi mmoja. Mimi ile naiona kubwa kuliko kutembea. Mbuzi anatembea siku ya kwanza, nionyeshe mbuzi anayeokota sisimizi. Kwenye kitobero, chakula chake cha kupondwa, anachagua mukene, wale dagaa, anaweka pembeni kwa ustadi wa daktari wa upasuaji.

Meno sina la kusema, yalikuja, hatukulala. Kuhusu kuwaogopa wageni, kuanzia miezi minane alimlilia hadi mjomba wake aliyemzoea, na wageni wakasema mmemdekeza. Mary Ainsworth alikaa Kampala 1954 na 1955 akitembelea nyumba za Waganda vijijini na watoto wao, na ni kwenye nyumba hizo alipoona mtoto anavyoondoka kwa mama kidogo kuchunguza, anageuka kuangalia kama bado yupo, anaendelea. Sehemu ya nadharia ya mtoto kushikamana na mzazi, ambayo leo wanafundishwa wanafunzi dunia nzima, ilitoka kwenye mikeka ya huku, alafu sisi tunamwita mtoto mdekezwaji. Maneno? Miezi saba alisema "babababa" nikapiga simu watu wanne. Mke wangu akanikumbusha kwamba alikua anamwambia sufuria. Neno la kweli la kwanza ni "dudu", na ni la Kiswahili, ingawa nje na watoto wenzake ni Kisoga na Kiganda. Lugha tatu hazimchelewishi, achaneni na hiyo hofu. Dudu ni mende, ni kuku wa bibi, na jioni nikiingia ni mimi.

Zawadi kubwa ya Jumamosi ilikua kile kigari cha mtoto cha magurudumu, cha kumkalisha akisukuma kwa miguu. Aliyekileta nampenda sana. Nimekipandisha juu ya kabati. Kanada walivipiga marufuku 2004 kwa sababu ya watoto kubiringika kwenye ngazi, na sisi hapa ngazi hatuna lakini tuna sigiri, jiko la makaa, inayowaka mlangoni na maharage ya moto juu yake. Na hakimfundishi kutembea, kinamfundisha kusukuma kwa ncha za vidole huku kiuno kimening'inia. Stuli ya mbao inatosha, anaishika, anasimama dede, anatetemeka mapaja, anakaa. Anasimama tena. Kwenda tata bado, na nimeacha kuhesabu, au tuseme nahesabu kimoyomoyo.

Kitu kimoja ambacho hakimo kwenye fomu yangu nilikiona jana. Mtoto anayetambaa mikono yake iko chini, akitaka kubeba kitu anakitia mdomoni. Anayesota mikono iko huru. Nimerudi kazini nimechoka, nikakaa kizingitini kuvua viatu, na kutoka ndani nikasikia ule mkwaruzo wa makalio, shwa, shwa, shwa, Kibibi huyo, ameniletea ndala yangu, ameishika kwa mikono miwili juu kama sinia. Ni moja tu. Ya pili mpaka sasa hivi naandika bado tunaitafuta.