Antena ya GPS: kuingia tunduni si kupatana umeme

"Ikikaza, imekubali." Kwa mafundi wa traka za magari usemi huu ni kama salamu, na hata mimi niliuamini mpaka nilipofunga antena ndogo ya volti 3 hadi 5 kwenye risiva (kipokezi cha mawimbi) ya upimaji ardhi inayotoa volti 12. Hakukuwa na moshi wala harufu. Setilaiti tu hazikuonekana tena.

Ukweli ni kwamba nati ya SMA, kile kiungio kidogo cha kukaza cha antena, haijui volti. Mawimbi ya GPS yanasafiri zaidi ya kilomita 20,000 na kufika yakiwa hafifu mno, ndiyo maana antena nyingi zina amplifaya (kikuza mawimbi) ndani. Amplifaya hiyo inalishwa na waya uleule: umeme wa DC (mkondo mnyoofu, kama wa betri) unapanda, mawimbi yanashuka. Risiva moja hutoa volti 3.3, nyingine 5, nyingine 12. Soma lebo ya antena, kisha, kabla ya kufunga, weka multimita kati ya pini ya katikati na ganda la tundu. Ikisoma sifuri, usikimbilie kulaumu risiva. Huenda umeme wa antena umezimwa kwenye mipangilio.

Wengine hudai waya mrefu "unakula umeme", wakaongeza volti. Hapana. Miliampea 20 kwenye mita 30 za RG-58, waya mwembamba wa antena, hazipotezi hata volti 0.1. Kinacholiwa ni mawimbi, karibu desibeli 20, na dawa yake ni waya mnene.

Halafu kuna hili la multimita kulia ukipima antena: "Antena imepiga shoti, tupa." Polepole! Baadhi ya antena zisizo na amplifaya zimetengenezwa hivyo. Kwa DC ni shoti, kwa megahezi 1575.42, masafa ya GPS, ni antena nzima kabisa. Ila ukiichomeka kwenye risiva inayotoa umeme bila kapasita ya kuzuia DC, hapo risiva ndiyo itakayoumia, kama haina kinga.

Na splita, kile kigawanyo cha antena moja kwa risiva kadhaa? Haigawi umeme ovyo. Kwa kawaida tundu moja tu ndilo hulisha antena, mengine yamezibwa yasipitishe DC. Risiva ya pili ikilalamika kwamba haioni antena, ni kwa sababu hakuna mkondo inaoutoa. Splita nzuri huiwekea rezista ya omu 200 ivute mkondo kama antena: kwa volti 5 hiyo ni miliampea 25, na risiva hunyamaza.