Gîte ni nyumba ya namna gani?

Ukitafuta nyumba ya kupanga wakati wa likizo kusini mwa Ufaransa, upande wa Languedoc au Provence, neno hili utakutana nalo mpaka ulichoke. Hutamkwa "zhiti", na chimbuko lake ni kitenzi cha kale chenye maana ya kulala. Hata pale porini anapojikunyata sungura, Wafaransa hupaita gîte.

Kwa wapangaji, gîte ni nyumba nzima ya kijijini, yenye jiko na vyombo vyake. Nyingi zilikuwa zizi, ghala, au nyumba ya babu iliyobaki tupu vijana walipohamia mjini. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1951 huko Basses-Alpes, mkoa wa milima kusini-mashariki mwa Ufaransa, seneta Émile Aubert akiwa mstari wa mbele: mkulima apate kipato cha pili na paa lisianguke, na familia za mjini zisizomudu hoteli zipate pa kupumzika. Shirikisho la Gîtes de France likafuata mwaka 1955. Lenyewe hupima ubora kwa masuke ya nafaka, moja hadi matano, si kwa nyota.

Kosa la wageni wengi ni kudhani ni hoteli. Hakuna mapokezi, wala wa kukutandikia. (Ukitaka chumba nyumbani kwa mwenyeji na chai ya asubuhi, hiyo ni chambre d'hôtes.) Julai na Agosti hupangishwa kwa wiki, aghalabu Jumamosi hadi Jumamosi. Unafika alasiri, mnakagua nyumba pamoja na mwenye nyumba, pengine hadi idadi ya vijiko, unaacha amana. Mashuka uliza mapema. Wengine hutaka uje nayo. Kabatini huenda ukakuta chumvi na nusu chupa ya mafuta ya zeituni, basi. Kesho yake ni Jumapili na maduka mengi hufungwa mchana, kwa hiyo nunua chakula njiani.

Joto nalo lina dawa yake. Mchana funga vile vibao vya nje vya madirisha, hata kama roho inataka mwanga. Kuta nene za mawe hutunza ubaridi wa usiku. Ukifungua saa nane, umekwisha. Nyenze watakupigia kelele hata hivyo.

Siku ya kuondoka fagia, osha vyombo, toa taka, la sivyo gharama ya usafi itakatwa kwenye ile amana.