Joto na Protini ya Virusi Iliyobadilika

Imezoeleka kudhaniwa kwamba badiliko la jeni linaloifanya protini ya virusi ishindwe kufanya kazi kwenye joto huwa limeidhoofisha protini iliyokamilika. Si lazima iwe hivyo. Katika virusi P22, vinavyoshambulia bakteria wa Salmonella, mengi ya mabadiliko ya aina hiyo huifanya protini ya mkia isijikunje ipasavyo, yaani mnyororo wake usijipinde kupata umbo lake la kazi, ikitengenezwa kwenye nyuzi 39 za Selsiasi, lakini ikishajikunja kwenye nyuzi 30 hubaki imara hata joto likipandishwa. Kinachovurugwa ni safari ya kujikunja, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye utamu: mabadiliko hayo hudokeza ni asidi amino zipi, yaani vipande vinavyounda mnyororo wa protini, zinazoongoza ujenzi wa umbo, ambalo uchunguzi wa fuwele kwa eksirei mwaka 1994 ulionyesha kuwa ni minyororo mitatu, kila mmoja umejiviringisha kama parafujo.