eduroam Haina Nywila ya Kugawiwa

"Naomba nywila ya eduroam." Ombi hili husikika kila msimu wa makongamano na kila watahini wa nje wanapofika vyuoni, na wanaolitoa ni wasomi wa kweli: maprofesa, wakuu wa idara, wakati mwingine hata mafundi wa TEHAMA ambao ndio wangepaswa kulijibu. Halina jibu, kwa sababu kinachoombwa hakipo. Anayeahidi kukutafutia nywila ya eduroam atatafuta mpaka kongamano lifungwe.

Maana kwa ufupi: eduroam ni makubaliano kati ya vyuo na taasisi za utafiti duniani kwamba mtu wa chuo kimoja akifika chuo kingine apate Wi-Fi kwa akaunti ile ile aliyopewa na chuo chake. Nchi zaidi ya 100 zimo. Jina linaloonekana kwenye simu ni hilo hilo kila mahali, kwa herufi ndogo. Chuo mwenyeji kinatoa intaneti. Chuo chako kinathibitisha kwamba wewe ni mtu wake. Kazi ni mbili, wenye kazi ni wawili, na karibu lawama zote ninazosikia kuhusu eduroam hupelekwa kwa yule asiyehusika.

Jina limeunganishwa kutoka maneno mawili ya Kiingereza, la elimu na lile la roaming tunalolijua kutoka kampuni za simu. Hilo la pili huwatia baadhi ya wahadhiri hofu ya kukatwa fedha. Hukatwi kitu. Hakuna bando linaloliwa wala ankara inayokufuata ukirudi.

Wazo lilitoka Uholanzi mwaka 2002. Klaas Wierenga, aliyekuwa akifanya kazi SURFnet, mtandao wa elimu na utafiti wa nchi hiyo, alilifikisha kwenye kikosi kazi cha TERENA, chama kilichokusanya mitandao ya aina hiyo barani Ulaya. Tatizo lao lilikuwa lile lile ambalo vyuo vyetu vingi vinalo hadi leo: mgeni anajaza fomu, fomu inatafuta saini, akaunti ya muda inafunguliwa, na inapokuwa tayari mgeni yuko uwanja wa ndege anarudi kwao. Wierenga hakubuni mtambo mpya. Alichukua vitu viwili vilivyokuwapo. Cha kwanza ni RADIUS, utaratibu wa mwaka 1991, enzi za modemu, wa kuuliza seva kama mtu anayepiga simu kuingia mtandaoni anajulikana. Cha pili ni kiwango kiitwacho 802.1X, kilichotolewa mwaka 2001, kinachokizuia kifaa kupita mpaka mwenye nacho atambuliwe. Akaviunganisha, akapendekeza seva za vyuo ziulizane. Majaribio yalianza katika nchi chache za Ulaya, na mwishoni mwa 2004 Australia ikawa ya kwanza kujiunga kutoka nje ya bara hilo.

Kuulizana huko ndiko kiini cha jambo lote, kwa hiyo nitakueleza polepole.

Tuseme mhadhiri wa chuo kimoja cha Nairobi amekwenda Kampala kutahini. Akaunti yake ya kazini inaishia na @chuo.ac.ke. Anafungua kompyuta, nayo inaliona jina eduroam na kubisha hodi. Seva ya chuo cha Kampala haimjui, wala haijaribu kumjua. Inatazama tu kilichoandikwa baada ya alama ya @, inaona si chake, inalipeleka ombi kwenye seva ya taifa inayosimamiwa na RENU, mtandao wa elimu na utafiti wa Uganda. RENU nayo inaona ".ke", inalipandisha kwa seva za juu zinazounganisha nchi na nchi. Hizo zinaliteremsha Kenya kwa KENET, mtandao wa aina hiyo wa nchi hiyo, na KENET inalifikisha kwenye seva ya chuo chake mhadhiri. Hapo, nyumbani kwake, ndipo nywila inapokaguliwa. Jibu linarudi kwa njia ile ile, nalo ni moja kati ya mawili: kubali au kataa. Likiwa kubali, mlango wa Kampala unafunguka. Mambo yakienda sawa, safari hiyo yote humalizika kabla mtu hajaweka begi lake chini.

Mwenyewe naifananisha na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Benki haikujui, lakini inamwamini mwenyekiti anayekujua, na kwa muhuri wake inakuhudumia.

Nywila ya mhadhiri wetu husafiri ikiwa imefungwa kwa usimbaji kati ya kifaa chake na seva ya chuo chake. Chuo cha Kampala hakiioni, RENU haiioni, KENET haiioni. Wote hao wanahitaji kusoma kilicho baada ya @ tu ili wajue ombi lielekee wapi. Kwa hiyo fundi wa chuo mwenyeji hakufichi kitu anapokuambia hana nywila ya kukupa. Hana kweli. Hawezi kuibadilisha yako, hawezi kuifungua akaunti yako iliyofungwa, hawezi hata kukuambia umeiandika vibaya.

Sasa tuje kwenye kauli inayowachosha mafundi kuliko zote: "eduroam yenu haifanyi kazi." Kauli hiyo ina malalamiko mawili ndani yake, na hayafanani hata kidogo.

La kwanza ni la mtu aliyekataliwa. Ameandika jina na nywila, kifaa kinazunguka, kisha kinamwomba aandike tena. Mara nyingi shida iko kwake au kwa chuo chake. Kosa kubwa kuliko yote ni kuandika jina fupi bila @ na jina la chuo. Ukiwa nyumbani, seva ya chuo chako inaweza kukupokea hivyo hivyo kwa kuwa inakufahamu, nawe unatumia mwaka mzima bila tatizo. Siku unayovuka mpaka, ombi lako halina mahali pa kupelekwa, kwa sababu hujasema unatoka wapi. Kosa la pili ni kuandika anwani binafsi ya Gmail. Google si chuo kilichomo katika makubaliano, na hakuna seva huko inayosubiri kukuthibitisha. La tatu halionekani kwa macho: kibodi ya simu, ikikumalizia anwani, huongeza nafasi tupu mwishoni, baada ya ".ac.ke" au ".ac.tz". Kwako anwani inaonekana sahihi kabisa. Kwa seva, anwani yenye nafasi tupu mwishoni ni anwani nyingine. Ifute, ukaandike kwa mkono. La nne ni nywila uliyobadilisha ofisini wiki iliyopita kwenye kompyuta, huku simu ikiendelea kutuma ya zamani kila inapokutana na eduroam, mpaka mfumo unaifunga akaunti kwa kudhani kuna mtu anabahatisha.

Lalamiko la pili ni la mtu aliyekubaliwa, ila kurasa hazifunguki au zinafunguka kwa kujikokota. Huyu ndiye mwenye haki ya kumfuata fundi wa pale alipo. Akaunti yake imeshamaliza kazi. Kilichobaki ni kisambaza Wi-Fi cha ukumbi, idadi ya watu waliokirundikia, swichi, nyaya, na upana wa njia ya intaneti ambayo chuo mwenyeji kinalipia. Hata mipaka ya kutumia tovuti fulani ni ya mwenyeji. Ndiyo maana eduroam ya chuo kimoja inaweza kupaa na ya chuo cha jirani kusuasua. Jina ni moja, lakini hakuna kampuni moja inayosambaza intaneti iitwayo eduroam, na anayesema "eduroam ni slow" ameusema vibaya mtandao wa dunia nzima kwa ajili ya ukumbi mmoja uliojaa.

Tena msiichanganye na mitandao ya kitaifa yenyewe. KENET ya Kenya, iliyoanzishwa 1999, RENU ya Uganda na TERNET ya Tanzania ni mashirika ya vyuo yenye kazi pana ya kuunganisha taasisi za elimu na utafiti, na yamo katika UbuntuNet Alliance inayokusanya mitandao ya namna hiyo ya mashariki na kusini mwa Afrika. eduroam ni huduma moja tu kati ya huduma zinazoweza kupita humo.

Kuna jambo moja ambalo halinikeri tu bali linanitia wasiwasi. Unapoweka eduroam kwa mkono kwenye simu, unafika kwenye ukurasa unaouliza utumie cheti gani cha usalama na jina gani la domeni. Kwenye simu nyingi za Android za miaka iliyopita palikuwa na chaguo la kusema cheti kisithibitishwe, na mafundi wengi waliwaelekeza wahadhiri walichague, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka ya kupunguza foleni kwenye dawati la msaada. Cheti hicho ndicho kinachoiwezesha simu kujua kwamba inazungumza na seva ya chuo chako na si ya mtu mwingine. Hewani, jina eduroam halina mlinzi. Mtu yeyote mwenye kompyuta ndogo anaweza kukaa kantini, akarusha Wi-Fi yenye jina hilo hilo, na simu isiyokagua cheti itamkabidhi taarifa za kuingia zenye uwezekano wa kuvunjwa na kutoa nywila. Na kwa mhadhiri, nywila hiyo hiyo mara nyingi ndiyo inayofungua barua pepe na mfumo wa kuingizia matokeo ya wanafunzi. Aliyeipata hana haja ya Wi-Fi tena.

Dawa ipo na haina ugumu. Kuna programu iitwayo geteduroam, na kuna zana ya kuandaa mipangilio iitwayo CAT, ambazo huweka cheti, domeni na mengine yote zenyewe, mradi kitengo cha TEHAMA cha chuo chako kimejaza taarifa zake humo. Kama hakijajaza, hilo ndilo la kuwaomba, na mhadhiri mmoja akiliuliza kwenye kikao cha idara huwa na uzito kuliko fundi akilipendekeza mara kumi.

Halafu kuna suala la wageni wasio wa vyuo: mwandishi wa habari, mfadhili, mzazi siku ya mahafali. eduroam si yao, hata kama wamekaa kiti cha mbele. Chuo kinapaswa kuwa na Wi-Fi nyingine ya wageni, yenye jina lake na nywila yake, na hiyo ndiyo inayofaa kubandikwa mezani pa usajili. Kumwazima mgeni akaunti yako ili asiaibike ni ukarimu unaoweza kukugharimu, kwa sababu lolote atakalofanya mtandaoni litaandikwa kwa jina la chuo chako, na chuo chako kinajua akaunti ile ni ya nani.

Kwa hiyo, ndugu wahadhiri, tukifika ugenini tuulize kwa namna nyingine: "eduroam inashika ukumbi huu?" Hilo mwenyeji analijua na atalijibu. Nywila tutoke nayo nyumbani, na tuijaribu eduroam tukiwa bado chuoni kwetu, kwa anwani kamili yenye @ na jina la chuo, angalau siku moja kabla ya safari. Ikikataa huko ugenini, tumpigie fundi wa kwetu, tumtajie saa na dakika tuliyojaribu. Seva yake huandika kila ombi linalofika. Akiliona letu, atasoma limekataliwa kwa nini. Asipoliona kabisa, ombi limepotelea njiani au anwani imekosewa, na hapo ndipo mafundi wa pande zote mbili wana jambo la kuzungumza.